Siri ya Mzee Mok

Mzee Mok Siu-keung alitengeneza lifti za Hong Kong miaka thelathini na moja, akastaafu na magoti mabovu na majivuno mazima. Siku hizi anajiita mtaalamu. Amepakua matokeo ya mbio za farasi ya miaka kumi, yale ambayo klabu ya mbio inayagawa bure kwa kila mwenye simu, akayatia kwenye programu aliyoiunda mwenyewe. Wanaochagua farasi kwa kuwatazama miguu anawaita washamba.

Jumapili hii, katika mkahawa wa chai ya maziwa, programu ilimchagulia farasi namba saba. Mok akaifunika kompyuta yake kwa gazeti, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu.

"Funika vizuri," alisema Dada Fung, mhudumu, akimwekea kikombe. "Wale wazee wanne pale nao wamefunika za kwao. Nimewapelekea chai, nikachungulia. Wote saba."

"Muongo! Hii ni akili yangu mwenyewe."

"Akili ya kupakua bure?"

Mok akaguna, akamwekea saba dau la dola mia moja kwa simu.

Saba akashinda, tena kwa mbali. Mok aliruka, magoti yakamlia, kisha akayaona malipo kwenye televisheni. Washindi hugawana fungu moja la dau zote, na nusu ya mji ilikuwa imemchezea saba. Kila dola kumi ilizaa dola moja.

"Hongera, mtaalamu," alisema Dada Fung. "Umepata faida ya dola kumi. Chai ni ishirini na mbili."