Mama Plasta na Bomba la Pili

Ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa. Hapana, mnisamehe, mvua kubwa ilikuwa mwaka uliotangulia. Huu ni mwaka ambao lifti ya hospitali iligoma, wagonjwa wakawa wanapandishwa ghorofani kwa machela, na wabebaji wakitukana kimoyomoyo kila ngazi inapopinda.

Huko juu, chumba cha upasuaji, alikuwako muuguzi wa nusu kaputi ambaye wote walimwita Mama Plasta. Jina alilipata kihalali. Akishavuta dawa kwenye bomba la sindano, hakulitoa mkononi mpaka alibandike kipande cha plasta na kuandika ni dawa gani. Hata nyumbani chupa ya mafuta ya taa ilikuwa na plasta, na mumewe aliwatania wageni kwamba yeye hulala jicho moja wazi, asije akaamka kabandikwa kwenye paji la uso.

Siku hiyo mezani alilala fundi mwashi mwenye ngiri, pande la mtu, macho kodo, akisubiri kutiwa usingizi. Mama Plasta alikuwa amevuta dawa ya kulegeza misuli kutoka kichupa cha mwisho kabatini, plasta ikining'inia kidoleni, mara fundi akateleza ukingoni mwa meza. Akalitua bomba kwenye trei, akamdaka bega. Kugeuka, mabomba ni mawili. Saizi moja, dawa nyeupe kama maji, na hakuna hata moja lenye plasta.

Daktari mpasuaji alikuwa keshaosha mikono, kaiinua juu, anauliza wanangoja nini. Alipoelezwa akasema achukue lile la kushoto, kwani si alilivuta mwenyewe?

"Nilikuwa nalijua lilipokuwa mkononi, Dokta. Nilipolitua, silijui tena."

Daktari akamkumbusha kwamba kabati ni tupu, kwamba wagonjwa wamejaa koridoni, na kwamba yeye alianza kupasua watu Mama Plasta akiwa bado anafundishwa kufuta kamasi. Mmoja wa wasaidizi chumbani akacheka, wengine wakatazama viatu vyao. Kazi ile Mama Plasta aliipenda kuliko kitu chochote, na aliona wazi inamponyoka. Akayachukua mabomba yote mawili, akayamwaga kwenye sinki mbele yao, taratibu, kama mtu anayemwagilia maua.

"Utakwenda kufua mashuka," daktari akasema.

"Nitafua. Lakini kwa mkono wangu, nisichokijua hakimwingii mtu."

Fundi mwashi, ambaye wote walikuwa wamemsahau, akasema kutoka pale mezani, "Dada yangu, usihangaike. Zege ndilo halisubiri. Mimi nasubiri."

Dawa ikaenda kuazimwa wodi ya wazazi, kule chini kabisa, na kwa lifti ile iliyogoma mnaelewa wenyewe. Ilipofika ikavutwa, ikabandikwa plasta, ikatajwa kwa sauti, ndipo ikachomwa. Fundi akapasuliwa, akapona, akarudi kwenye matofali yake.

Mama Plasta naye akateremshwa kweli chumba cha kufulia. Wakubwa wa hospitali wakamtumia ujumbe kwamba akiomba radhi atarudishwa. Akajibu kwamba kwa kulitua bomba bila plasta ataomba radhi hata mbele ya hospitali nzima, kosa ni lake. Kwa kumwaga, haombi. Wao walitaka hiyo ya kumwaga. Basi akabaki kulekule mpaka kustaafu, mikono ikinuka sabuni, na kila kapu la mashuka lina plasta yake. Asiyependa, alisema, aje abandue yeye mwenyewe.

Nami kila nikikutana na yeyote aliyekuwemo chumbani siku ile, namuuliza kwa upole tu, naye ghafla hukumbuka ana safari: lile bomba la pili, nani aliliweka pale?