Kwaya Nzima Ilisimama

Leo nimefukuzwa kwaya kwa sababu ya kuketi.

Baada ya ibada huku Riruta, mwenyekiti wetu alifunga mlango, akasema, "Wanaokubali Nafula atoke kwaya juu ya hiyo mimba, wasimame."

Wote wakasimama. Hata mama yangu, mwenye alinifundisha kuomba.

Mimi nikabaki kwa kiti. Si ujasiri, jamani. Miguu tu ilikataa.

Mama akanivuta mkono. "Simama, unaniaibisha."

"Mama, Yesu hakumfukuza mtu kama huyu."

Nikageuka nyuma nimwangalie Nafula.

Alikuwa amesimama pia. Nafula mwenyewe! Amekubali atolewe, macho chini.

Akaniona nimeketi. Akaketi, polepole.

Tumetolewa wote wawili.

Husemwa ukitenda mema unasikia amani. Mimi sijasikia kitu. Nimefika nyumbani nikaosha vyombo, joho ya kwaya bado iko mwilini. Mama amepita hapa kama hanioni.

Msiniambie pole wala hongera. Niambieni tu ukweli, mama yako akikuvuta mkono hivyo, ungebaki umeketi?