Dahabo Hakubisha

Usiku ule Dahabo alikaa juu ya debe lililopinduliwa, nje ya mlango wa chuma, akisubiri habari za chombo ambacho hakuwa amekiona kikifungwa. Ndani alikuwa binti yake, Sabdio. Langoni alikuwa Ewoi, mlinzi wa karakana, na moto wake mdogo. Dahabo alikuja na shuka na chupa ya chai, na alikuwa ameapa kwamba hatabisha hodi.

Kiapo hicho kilikuwa na sababu. Wiki iliyotangulia alikuja na chai hiyohiyo, akasimama mlangoni, akatoa salaam. Katika nyumba za Waborana, mama akisalimu mlangoni mtoto hamjibu akiwa amempa mgongo. Huinuka, hufungua, hupokea mzigo. Sabdio aliinuka. Mkono uliokuwa umeshika kizibo cha chombo ulikiacha, hewa ikaingia, na dawa ya rangi ya kahawia ikageuka kijani akiiona. Hata hivyo alipokea chai, akajibu salaam, akauliza habari za mbuzi. Dahabo alirudi nyumbani akiwa amefurahi. Kesho yake ndipo Ewoi alipomwambia alichokiharibu.

Dahabo alikuwa mwanamke wa kuchungulia kila kitu. Alikulia Kulamawe, akasoma mpaka darasa la nne, kisha ukame ukamaliza ng'ombe wa baba yake na yeye akahamia mjini Isiolo kuuza maziwa ya ngamia. Usingizi wake ulikuwa mwepesi. Mbuzi akikohoa alijua ni yupi. Chungu kikiwa motoni alikifunua, mtoto akilala alimfunua. Majirani walisema hata wali wa Dahabo hauwezi kuiva bila kuhojiwa.

Ila gorfa hakuifunua kamwe. Gorfa ni chombo cha maziwa kinachosukwa na wanawake wa kwao. Mama yake alimfundisha kukifukiza kwa moshi wa kijinga cha moto, kutia maziwa, kukaza kifuniko na kukaa mbali. Mwenye kuchungulia, alisema mama, atakunywa maziwa mabovu.

Kwa njia hiyo aliielewa kazi ya binti yake. Karakana ile ilikamua kwa mvuke mafuta ya mchaichai uliolimwa kijijini Rapsu. Mafuta yalinukia ndimu, yakaenda kwenye sabuni, basi. Sabdio alikuwa amejifunza chuo kikuu kwamba ukiyaongezea hidrojeni mahali pamoja tu, harufu ya ndimu inageuka kuwa ya waridi. Tatizo ni kwamba hidrojeni na mafuta hukaa pamoja kama wageni wasiojuana. Panatakiwa kichocheo: chembe ya madini ya rutheni iliyoshikwa pande zake na kemikali iitwayo fosfini, kama mtu anayeshikwa mikono asiende ovyo. Hiyo huichukua hidrojeni, huifikisha mahali pake, haigusi pengine, kisha hurudi kuchukua nyingine.

"Kumbe ni mshenga," Dahabo alisema siku alipoelezwa. "Anaozesha huku, anaenda nyumba nyingine, na yeye mwenyewe haolewi."

Sabdio alicheka, akasema mwalimu wake hakuwahi kulisema vizuri hivyo. Akaongeza kwamba mshenga huyu akishayeyushwa, hewa humuua. Kwanza hewa yote inafukuzwa kwa naitrojeni, tena na tena, ndipo hidrojeni inaingizwa kwa nguvu na chombo kinakazwa mpaka asubuhi. Dahabo akamwambia, gorfa.

Sasa dawa ya kichocheo ilibaki ya mara moja tu. Kobia, mwenye karakana, Mmeru mpole asiyependa kurudia neno, alisema jaribio hili lisipofaulu mafuta yatapelekwa Nairobi yakageuzwe huko, na Sabdio ataenda nayo, ameshamtafutia nafasi. Sabdio hakutaka. Wazo lilikuwa lake, wakulima wa Rapsu walikuwa wajomba zake, na alitaka kazi ifanyikie Isiolo. Mama yake naye alitaka hivyo, ingawa hakumwambia, asije akamzidishia mzigo.

Binti hakumtia shaka. Aliijua mikono yake tangu ikijifunza kukamua. Shaka yake ilikuwa juu ya mlango, na juu yake mwenyewe.

Ewoi alikuja kumkaribisha motoni. Alikataa.

"Mama Sabdio, mlango haukimbii," Ewoi alisema. "Mimi ndiye nimeajiriwa kuulinda."

"Wewe unalinda wezi wasiingie. Mimi najilinda mwenyewe."

Ewoi akacheka mpaka akakohoa. Alisema kwao Waturkana mama mkwe ndiye huogopwa mlangoni, hajawahi kuona mama mzazi akiogopwa hivyo. Dahabo akamwambia anywe chai, yapoe kidogo maneno yake.

Usiku ulipokuwa mzito, kitu kilianguka ndani. Chuma juu ya sementi, sauti kavu, kisha kimya. Dahabo alijikuta amesimama, kiganja kimegusa mlango. Hidrojeni ni kitu cha kushika moto. Hilo pia alikuwa ameelezwa. Salaam ilimfika mdomoni. Akaimeza. Koo likamsaliti, akakohoa.

"Mama?" Sabdio aliita kutoka ndani. "Ni wewe uko hapo?"

"Ni mimi. Umeumia?"

"Hapana, spana imeniponyoka, bado nakaza chombo. Kumbe umekaa kwa baridi? Ngoja nikufungulie."

Dahabo alisikia nyayo zikija. Zilikuwa nyayo za mtoto aliyelelewa vizuri, na ndizo alizoziogopa.

"Usifungue," alisema. "Sabdio, sikuja kukusalimu. Rudi kwa chombo chako. Salaam yako iko kwangu, nimeiweka, nitakupa asubuhi."

Nyayo zikasimama. Kisha zikarudi zilikotoka.

Dahabo akaketi tena juu ya debe. Moyo ulikuwa umetulia kama siku ya kukaza kifuniko cha gorfa, ukijua umefukiza vizuri na yaliyobaki ni ya maziwa yenyewe. Adhana ya alfajiri ilipotoka msikitini aliswali palepale, shuka likiwa mkeka wake. Ewoi akapunguza moto. Kobia akaja na pikipiki yake, akasalimia kwa sauti ya chini, akasimama mbali kidogo.

Ndani kulisikika pumzi ndefu ya gesi ikitolewa polepole. Kisha maji. Kisha nyayo, na safari hii hazikusita.

Komeo likavutwa. Kabla Dahabo hajauona uso wa binti yake, harufu ilimpita mlangoni, laini, kama marashi wanayorashiwa wageni wa arusi. Si ndimu. Ni waridi.

"Salaam aleikum, mama," Sabdio alisema, akaufungua mlango wote.