Keki Ndani ya Raki

Katika ofisi yetu ya Voi, chumba cha seva ndicho pekee chenye baridi. Kiyoyozi kiliwekwa kwa ajili ya mashine, lakini hakuna mfanyakazi anayeamini hivyo. Tangu nikabidhiwe ufunguo nimekuta humo nyanya za kutoka Ronge, maziwa ya mtoto, chanjo ya kuku na, siku moja, mhasibu mzima akila chakula cha mchana huku amejifunika leso ya mkewe. Mtu akiwa na kitu cha kuharibika haulizi habari za friji. Anasema tu, "Niwekee kwa seva."

Ijumaa moja kilichowekwa kwa seva kilikuwa keki ya harusi. Bibi harusi alikuwa dada wetu wa mapokezi, na harusi ilikuwa kesho yake, juu Wundanyi. Keki ilikuwa imeokwa na mama yake mdogo, anayeishi hapa mjini. Kwa joto la Voi, sukari nyeupe ya kupambia ilikuwa ikiteleza kama losheni. Ingelala nje ya baridi usiku ule, ingefika kanisani ikiwa uji. Kwa hiyo ngazi zake tatu, kila moja na maua yake ya waridi, ziliingizwa ndani ya raki, lile kabati la chuma linaloshika mashine zetu, kwa sababu sakafu ni ya sisimizi.

Nafasi ya juu ya raki ilikuwa na mwenyewe, naye alifika kabla ya chai. Alikuwa fundi kutoka Mombasa, amekumbatia kifaa bapa cha kufuatilia mtandao: kinafungwa ndani ya raki, kinatazama data ikipita, na kikiona jambo la ajabu kinawaarifu wakubwa Nairobi. Makao makuu yalitaka kianze kazi siku hiyo hiyo, na fundi alitaka kuwahi treni ya jioni. Alifungua mlango wa raki, bisibisi mkononi, akasimama.

"Lahaula! Kwani hapa mwauza mikate?"

"Ni keki," nikasema.

"Naona ni keki. Yafanya nini juu ya swichi ya mtandao?"

Dada wa mapokezi aliposikia neno keki aliacha simu ikilia, akaja mbio, akaona bisibisi, akampigia mama mdogo. Mama mdogo alifika na aproni yake, unga hadi kwenye nyusi.

"Nani ameigusa?"

"Hakuna, anti. Huyu anataka kuitoa."

"Kuitoa aipeleke wapi? Kijana wangu, hiyo sukari haijashika. Ukiitoa kwa joto inashuka yote."

"Mama, hapa ndipo pa kifaa changu. Chahitaji hewa baridi."

"Na keki inahitaji nini, blanketi?"

"Hiki ni cha bei, mama."

"Kikiharibika utaletewa kingine. Huyu msichana kesho ataletewa harusi nyingine?"

Fundi alimtazama bibi harusi, ambaye machozi yalishaanza kumlengalenga, akaweka bisibisi mfukoni. Tukakubaliana: keki ya juu ishuke hatua moja, isitoke chumbani. Yeye alishika upande huu, mimi ule, na mama mdogo akatuongoza kama anayeegesha lori. "Pole pole. Shusha. Wewe, usipumue." Akaisukuma mpaka nyuma ya raki, upande unaopulizwa na kiyoyozi. Kisha fundi akafunga kifaa chake juu yake, akakaza skrubu, akawasha. Taa za kijani zikawaka, tukapiga makofi.

"Anti," dada wa mapokezi akasema, "ua linainama."

Lilikuwa linainama kweli. Kifaa kile huvuta hewa kwa mbele na kuitoa, ikiwa moto, kwa nyuma, na nyuma ndiko keki ilikokuwa. Waridi la kwanza lilishalala. La pili lilikuwa linatafuta pa kulala.

"Kizime!"

"Mama, kimeanza kusoma mtandao."

"Kitasoma kikirudi shule! Kizime!"

Akakizima. Alikaa kitako sakafuni, pamoja na sisimizi, akafikiri. Kisha akafungua vile vyuma viwili vya pembeni vinavyoshikilia kifaa kwenye raki, akavihamishia nyuma, akakifunga kinyumenyume. Alipokiwasha tena, hewa moto ilitupiga sisi usoni mlangoni. Ua la tatu lilisimama imara.

Ikabaki picha. Makao makuu hayapokei kazi bila picha ya raki kwa mbele. Fundi aliipiga, akaituma, na simu ikalia papo hapo. Bosi wake alikuwa na sauti ambayo haihitaji spika.

"Umepiga nyuma ya raki?"

"La, ni mbele."

"Mbona naona feni?"

Fundi akamgeukia mama mdogo. Mama mdogo akatikisa kichwa kumkataza asitaje keki.

"Bosi, Voi ni joto. Nimekielekeza kivute hewa kutoka kwa kiyoyozi."

Nilisikia kiti kikilia huko Nairobi.

"Hiyo ni akili. Taveta pia ni joto. Ofisi ya huko wakifungiwa chao Jumatatu, nitawaambia wakigeuze hivyo hivyo."

Fundi aliwahi treni yake. Keki ilipanda mlima asubuhi ikiwa salama, pengine kupita kiasi. Usiku kucha mbele ya kiyoyozi sukari ilikuwa imeshika hivi kwamba kisu kiligoma, na bwana harusi akalazimika kuvua koti. Mama mdogo alisimama kando akitabasamu kama aliyepanga hivyo. Wazazi walipokwisha kulishwa, alinijia na kipande kilichofungwa kwenye karatasi.

"Hiki ni cha yule kijana wa Mombasa. Mwekee kwa seva mpaka arudi," alisema. "Na kikae mbali na kile kifaa chake."