Kitabu cha Tatu cha Mwalimu Veridiana

Mwalimu Veridiana hakuwa na subira na sungura. Hadithi za sungura, alisema, watoto wazipate kwa bibi zao. Vitabu vyake vingekuwa na mambo ya kweli tu, yale ambayo mtoto ameyaona kwao kabla hajaja shule. Alikuwa Mmakua wa upande wa Chiungutwa, mjane asiye na mtoto, mwembamba, mwenye ulimi mkali. Wamisionari walimfundisha kusoma akiwa msichana mkubwa, kwa kitabu kilichojaa habari za theluji. Miezi mitatu alisoma theluji, theluji, bila kujua kama ni kitu cha kula au cha kuvaa, na jambo hilo lilimuudhi maisha yake yote.

Ndiyo maana, alipopewa darasa la watoto wadogo kijijini kwao, alianza kushona vitabu mwenyewe, kwa mabaki ya karatasi na nyuzi za gunia. Aliviandika kwa ngazi. Kitabu cha kwanza kilikuwa na picha moja na neno moja kila ukurasa: jembe, kinu, kuku. Cha pili kilikuwa na sentensi fupi fupi: kuku anataga, mama anatwanga. Cha tatu kilieleza kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kazi aliyoichagua ilikuwa kutunza mbegu ya mtama. Aliandika yote, maana hakuwa mtu wa kuacha jambo nusunusu. Mama huchagua masuke makubwa. Huyaning'iniza jikoni juu ya moshi, wadudu wasiyaguse. Kisha, katika kurasa mbili za mwisho, akaeleza walivyofanya wanawake wa kwao tangu enzi za Magwangwara, wale Wangoni waliokuja kuteka watu na kupora chakula: mtungi wa mbegu huzikwa chini kabisa ya mafiga, na moto huwashwa juu yake kama kawaida.

Hakuna aliyeona ubaya. Kijiji kizima kilijua desturi hiyo, na mtoto wa miaka minne aliijua, kwa hiyo haikumjia mtu yeyote akilini kwamba ni siri. Isitoshe, mwaka ule wa 1903 vita vilikuwa habari za wazee. Veridiana akachora na picha: mafiga matatu, moto, na mtungi uliojaa chini yake. Aliipenda sana picha hiyo.

Miaka miwili baadaye vikaja vita vya Maji Maji. Wanaume wengi wa kijiji waliingia msituni, na maghala yakabaki matupu. Mwezi wa Novemba, mvua zikiwa karibu, wakafika askari sita wa Wajerumani na mkubwa wao, ombasha mmoja wa Kimanyema. Amri yao ilikuwa fupi: kijiji ambacho wanaume wake hawajajisalimisha kisiachiwe chakula. Kilichokuwa kimebaki ni mbegu peke yake. Mbegu ikienda, mvua ingenyesha juu ya mashamba matupu na watu wangekufa njaa, tena wengi. Hilo kila mwanamke alilijua, na kila mwanamke alinyamaza.

Asubuhi nzima askari walipekua dari na vichaka wasipate kitu. Jua lilipokuwa kali ombasha akaja kukaa kivulini, kwenye kibanda cha shule. Hakuwa mtu wa sura mbaya. Alivua kofia, akajifuta jasho, akamwona Anastasia, binti wa Severina, mwenye miaka minane, amekaa na kitabu chake mapajani, mwalimu wake kando.

"Shikamoo, bwana," mtoto alisema.

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Ndiyo kwanza anajifunza," Veridiana aliwahi kujibu.

"Najua. Nimefika kitabu cha tatu."

Ombasha alicheka. "Mimi sijui hata herufi moja. Haya, nisomee nikusikie."

Mtoto akakifungua kitabu, akaanza. Kitabu kile Veridiana alikijua kwa moyo, ukurasa kwa ukurasa, naye akabaki anaisikia sauti ya mtoto ikizipanda hatua zake moja moja, kama ngazi. Masuke. Moshi. Wadudu. Anastasia alisoma kwa kidole, macho hayatoki kwenye karatasi; kwake yale yalikuwa maneno ya kitabuni, na mgeni alikuwa mgeni.

"Imetosha, mwanangu. Bwana amechoka."

"Sijachoka," ombasha alisema. "Mwache."

"Wakati wa vita," alisoma Anastasia, "mtungi wa mbegu..." Hapo akakwama. Neno lililofuata lilikuwa gumu, na siku zote lilimshinda. Aliinua uso kumtazama mwalimu wake, kama alivyozoea, asaidiwe. Veridiana alifumba mdomo. Katika miaka yake yote ya kufundisha hakuwahi kumwomba Mungu kitu cha namna ile, lakini sasa alimwomba kwa nguvu zake zote. Mtoto akasubiri, akaona msaada hauji, akafanya kama alivyofundishwa: akaitazama picha, akalikata neno vipande.

"Hu-zi-kwa. Huzikwa chini ya mafiga."

Alitabasamu, maana kwa mara ya kwanza alikuwa amelipata peke yake.

Ombasha alikichukua kitabu, akaikazia macho ile picha. Kisha akainuka bila haraka, akaingia jiko la karibu, ambalo lilikuwa la Severina mwenyewe, akapiga figa teke.

Alasiri halikusalia jiko hata moja ambalo halijafukuliwa. Mbegu ya kijiji kizima ilifungwa magunia kumi na moja, na wanawake walewale wakatwikwa waibebe hadi kambini. Severina, kabla hajatwikwa lake, alimzaba mwanawe kibao mpaka mtoto akaanguka. Mwalimu hakuguswa na mtu. Wanawake walimpita kama hawamwoni.

Walipokwisha kutoweka njiani Anastasia alimfuata kibandani, shavu limevimba, kitabu mkononi.

"Mwalimu, nilikosea wapi?"

"Hukukosea hata neno moja."

"Pale nilipokwama nilikutazama. Ulikuwa unalijua lile neno. Mbona hukunisaidia?"

Veridiana, aliyekuwa hasemi ila kweli, aliitafuta kweli nyingine hakuiona.

"Nilitaka ushindwe, mwanangu."

Anastasia alikiweka kitabu chini taratibu, mbele ya miguu ya mwalimu wake, akarudi nyumbani kukaa kwenye jiko lililofukuliwa, kumngoja mama yake.