Kata Moja Juu ya Mtungi wa Shule

Mafua yaliyokuja baada ya vita vya Mjerumani yaliwachukua kaka zangu wawili, mimi yakaniacha. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nasema ni baba mdogo. Alitukusanya watoto wote wa ukoo, wazima na wagonjwa, kwenye nyumba moja ya msiba pale Hasamba, tukanywa uji kwa kata moja ya kibuyu. Baba mdogo mwenyewe amekwisha kufa, na bado sijamsamehe.

Basi mafua makali yaliporudi, mimi tayari mtu mzima, sikungoja kuambiwa. Nilikuwa na binti mmoja tu aliyebaki, yuko darasa la pili. Nikaenda shuleni kuangalia kwa macho yangu. Mtungi mmoja mlangoni, kata moja juu yake. Anayekohoa anakunywa, mwenzake anampokonya kabla haijakauka mdomoni. Halafu mwalimu anasimama anampa kila mtoto mkono, eti ustaarabu. Sisi Wanyiha mtoto hampi mkubwa mkono. Anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, imetosha. Kushikana viganja tulikupokea misheni kama nguo mpya.

Nikasema, "Mwalimu, anayekohoa abaki nyumbani. Wengine kila mmoja aje na kibuyu chake."

"Mama, mkaguzi anakuja wiki ijayo. Asiyekuwepo namfuta kwenye daftari."

"Mfute. Atapona, utamwandika tena."

"Udaktari umesomea wapi?"

"Sijasoma. Nimezika."

Akacheka, na watoto wakacheka. Binti yangu akaficha uso.

Nikamshika mkono tukarudi nyumbani. Njia nzima alilia, maana alichaguliwa kumsomea mkaguzi. "Nitabaki mjinga kama wewe!" akaniambia.

"Baki mjinga mpaka kikohozi kiishe."

Toka hapo nikapita nyumba kwa nyumba. Niliwaambia mgonjwa alale peke yake, mlango uwe wazi moshi utoke. Awe na kata yake na bakuli lake, vioshwe kwa maji ya moto. Anayemuuguza anawe mikono kwa jivu kabla ya kushika ugali. Jirani akija kujulia hali, aishie uani, apige makofi yake, aende zake.

Mke wa mzee wa kanisa akanirukia. "Unataka turudi ushenzini?"

"Makofi hayana kamasi, dada."

Wanawake waliokuwa wakipura maharage wakaangua kicheko, na nyumba tano zikanifuata siku hiyohiyo. Yeye hakucheka. Mumewe akasimama kanisani Jumapili akatangaza kwamba mtoto wa Mkristo haogopi mafua, watoto wote waende shule. Wakaenda, isipokuwa wangu na wa zile nyumba tano.

Mkaguzi alipofika alikuta nusu ya mabenchi matupu na mwalimu mwenyewe hana sauti. Hakuvuka hata kizingiti. Akaagiza shule ifungwe.

Katika nyumba zangu tano waliugua wanne, wakapona wote. Kwa mzee wa kanisa walizika kijana wao wa kiume. Nilikwenda msibani, nikakaa uani, nikalia kweli, lakini nilimtazama yule mzee mpaka akainama. Yeye na mwalimu ndio walioua. Nimelisema hili mbele yao, na hapa nalirudia.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu aliwapokea watoto wa zile nyumba tano. Wangu akamkataa. Alisema nafasi imejaa, na benchi nililiona liko wazi.

Nikampeleka kijiji cha Nanyala kwa shangazi yake, shule ya kule ikampokea, ila aanze upya darasa la kwanza. Alikuwa mrefu kuliko wote, magoti hayaingii chini ya meza. Kabla sijamwacha nilimuuliza mwalimu wa kule watoto wanakunywaje maji. Akanionyesha vikopo vimetundikwa ukutani, kila kimoja na mwenyewe. Nikasema sawa.

Binti aliondoka mlangoni bila kuniaga. Alininunia mpaka mavuno. Nikamwacha anune.