Edinah na Gari la Viti Viwili

Edinah Nakhungu alikwenda Kitale kununua mashine ya kusaga mahindi, akarudi Bungoma na gari la spoti. Hivyo ndivyo majirani walivyoisimulia habari yenyewe mwanzoni mwa mwaka 2006, na hawakuwa mbali na ukweli.

Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa opereta wa simu mjini Bungoma. Alikaa kwenye kiti kimoja, masikio yamezibwa na vifaa vya kusikilizia, akiwaunganisha watu: mkulima na mnunuzi, mzazi na mtoto aliye bwenini, mchumba na mchumba. Sauti zilipita mikononi mwake zikaenda Mombasa, Kampala, hata Ulaya, naye yuko palepale. Kisha simu za mkononi zikaingia kila mfuko, kazi ikakauka, na yeye na wenzake wakaagwa kwa soda, keki na kiinua mgongo.

Mume wake, Levi Wanjala, alikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi upande wa Kibabii. Alikuwa mtu wa kupiga pasi hata soksi, na mpango alikuwa nao tayari.

"Mama Nafula," alimwambia, kwa jina la binti yao aliyekuwa chuoni Nakuru, "watu hawataacha kula ugali. Mashine ya posho haikosi kazi."

Edinah alikubali. Hakuwa na mpango mwingine wa kuushindanisha na huo.

Shida ni kwamba tangu aache kazi, mwili wake ulikuwa umekataa kutulia. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alianza kufuma kitambaa cha meza akakiacha pembe moja. Alikwenda soko la Chwele kununua kuku, akazunguka mpaka jua likampiga kichwani, akarudi mikono mitupu. Wakati mwingine Levi alimkuta amesimama langoni akiyatazama malori ya Malaba yakipita, na alipoulizwa anamngoja nani, alisema hamngoji mtu.

Mashine ilikuwa kwa mzee Kiplagat, mkulima wa nje ya mji wa Kitale aliyekuwa akiuza vitu vyake ahamie kwa binti yake. Kando ya banda la mashine kulikuwa na kitu kirefu, kifupi cha kimo, kimefunikwa turubai la kuanikia mahindi.

"Na hiki?" Edinah aliuliza.

"Hiyo ni gari ya kijana yangu. Alienda Australia akaiacha. Haina maana, mama. Viti mbili tu, haibebi hata gunia."

Edinah aliinua turubai. Ilikuwa Toyota nyekundu, paa lake likimfika kifuani, na mzee akamweleza kwamba injini ilikuwa nyuma ya viti. Leseni Edinah alikuwa nayo tangu enzi za kuendesha gari la ofisi ya simu. Mzee akaazima betri ya trekta, gari likawaka kwa kukohoa. Edinah alipoketi ndani alijiona kama amekalia ardhi yenyewe. Alilizungusha uwanjani mara moja, kuku wakitawanyika, na aliposhuka habari ya mashine haikutajwa tena.

Levi aliporudi kutoka shuleni alilizunguka gari lile kimyakimya, mfuko wa vitabu mkononi.

"Mashine iko wapi?"

"Sikuinunua."

"Na hii ni ya nani?"

"Ni yetu."

Aliingia ndani, akavua viatu, akavipanga sambamba chini ya kiti. Hakupaza sauti. Edinah angependa apaze, wagombane, yaishe. Kimya kile kilikaa nyumbani kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Mama mkwe naye alikuja kuliona gari, akachungulia ndani, akamwuliza mkwewe swali moja tu: "Hii gali iko na viti mbili. Mimi nitakaa wapi?"

Klachi ndiyo iliyomrudisha Edinah Kitale. Ilikuwa ikiteleza, na makanika wa Bungoma walimwambia gari la namna hiyo alipeleke kwa Gurdip. Gurdip alikuwa na gereji ya baba yake mjini Kitale, na dada yake Kiran aliuza vipuri kwenye kaunta ya mbele. Kiran alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kusema haraka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu alilolipata, alisema, kwa kugusa ekzosi ya moto.

"Wewe ndio unaendesha hii?" Kiran aliuliza. "Unaipeleka wapi?"

Edinah alijaribu kusema sokoni, kisha akatikisa kichwa. Hakukuwa na mahali.

"Basi kuja Jumapili. Sisi tunashindana kwa malisho ya jamaa mmoja hapa nje. Siyo kushindana na watu barabarani, bana. Unaingia peke yako kwa njia imepangwa na matairi, unapimwa na saa. Mwenye dakika kidogo ndiye ameshinda. Ukigonga tairi, unaongezewa sekunde."

Jumapili hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Edinah alikosa kwenda kanisani bila kuwa mgonjwa.

Malisho yalikuwa mapana, majani yameungua kwa kiangazi, na matairi ya zamani yaliyopakwa chokaa yamepangwa kuonyesha njia. Kiran hakumruhusu aingie garini kwanza. Alimshika mkono wakaizunguka njia yote kwa miguu.

"Hapa utataka kukanyaga mafuta. Usikanyage. Ngoja mpaka uone tairi la pili. Na katikati ya kona usiachilie mafuta kwa ghafla. Uzito wote wa hii yako uko nyuma, itakugeuza."

Edinah aliyasikia yote, na bendera iliposhuka halikubaki hata moja. Aliondoka kama aliyefukuzwa. Kona ya kwanza aliipita kwa bahati. Kwenye ya pili aliogopa, akaondoa mguu, na nyuma ya gari ikaamua kutangulia mbele. Dunia ikazunguka: miti, watu, mlima Elgon, miti tena. Vumbi lilipotulia alikuwa ametazama alikotoka, injini imezimika, na kijana mwenye bendera alikuwa akimwonyesha kwa adabu upande wa kwenda.

Siku ile alikuwa wa mwisho. Gurdip alipomsomea muda wake, alitabasamu kwenye ndevu. Lakini Edinah hakuona aibu. Kwa muda ule mfupi alikuwa hajawaza jambo lolote duniani isipokuwa tairi lililokuwa mbele yake. Alimwuliza Kiran watarudi lini. Mwezi ujao, aliambiwa. Mwezi ulionekana kwake kama mwaka.

Kungoja huko ndiko kulikomponza. Nyumbani alikuwa akibadilisha gia kwa mwiko, akikanyaga breki chini ya meza ya chakula. Levi aliona, akaendelea kula. Siku moja ya Machi, Edinah hakuvumilia. Alichukua gari akaelekea Kapsokwony, kwenye barabara inayopanda mlima kwa kona baada ya kona, akasema moyoni anakwenda kujizoeza tu.

Kona ya tatu au ya nne aliikata kwa upande usio wake. Mbele yake kulikuwa na mwanamume anateremka na baiskeli, gunia la kabichi limefungwa nyuma. Edinah alivuta usukani. Gari lilimkosa kwa upana wa kiganja. Baiskeli iliingia mtaroni, gunia likapasuka, kabichi zikabingirika mpaka chini ya mteremko.

Alisimamisha gari akakimbia. Yule mtu alikuwa ameketi kwenye majani akijipapasa magoti. Hakuwa ameumia zaidi ya mikwaruzo. Aliinuka, akaanza kuokota kabichi zake, na Edinah akaokota pamoja naye, akiomba msamaha kila alipoinama. Walipomaliza kufunga gunia kwa kamba, mtu huyo alimtazama yeye, kisha gari.

"Unakimbilia wapi, mama?"

Hakumwuliza kwa hasira. Alitaka kujua. Kisha akaisukuma baiskeli yake akaenda.

Alirudi Bungoma polepole, malori yakimpita. Alimwambia Levi kila kitu, hata zile sehemu ambazo angeweza kuziacha. Alimaliza kwa kusema gari liuzwe, wakatafute mashine.

Levi alikunja gazeti. "Huko Kitale unapokwenda Jumapili, mnakimbiza hivyohivyo, watu wakipita?"

"Hapana. Watu hawapiti. Wanasimama mbali, nyuma ya kamba."

"Na watu huko wanafanya hiyo kitu vizuri kuliko wewe?"

"Wote."

Alifikiri. "Nitakuja nione."

Jumapili iliyofuata alivaa koti lake la kanisani akaketi kwenye kile kiti cha pili, magoti yamemfika karibu na kidevu. Edinah aliendesha mpaka Kitale mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Kiran aliposikia habari ya Kapsokwony, alimkemea mbele ya mumewe: mchezo ni wa malishoni, barabara ni ya watu, na akirudia, hatamfunza tena. Edinah aliinamisha kichwa. Levi aliyapenda maneno hayo, na akamwomba Kiran ayarudie, pengine kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa ameweza kuyasema.

Edinah aliingia mara nne siku hiyo. Alifuata maneno, akangoja tairi la pili, akauacha mguu utulie. Hakuzunguka hata mara moja. Aliposhuka akamtafuta Levi kwa macho, alimkuta katikati ya vijana waliokuja kulishangaa gari. Alikuwa amepata kitabu cha maelezo ya gari kwenye kijisanduku cha mbele na sasa alikuwa akiwafundisha, kidole hewani, kwa nini injini iwe nyuma ya viti.

Tangu siku hiyo Levi alibadilika kwa namna ambayo Edinah hakuitarajia. Jumamosi alikunja suruali akaliosha gari mwenyewe, kwa kitambaa laini alichokificha kisifanyiwe kazi nyingine. Jioni aliliendesha hadi stendi na kurudi, bila haja. Walimu wenzake walianza kumwita dereva, naye akajifanya hapendi.

Mvua za Aprili zikaja. Malisho yakawa laini, magurudumu yakachimba mitaro, na katikati ya mitaro kukabaki matuta. Magari mengine yaliruka juu yake. Lile jekundu lilikaa. Edinah aliingia kwenye kona ya mwisho vizuri kuliko alivyowahi, akasikia kitu kikikwaruza chini yake kutoka mwanzo mpaka mwisho, na gari likasimama juu ya tuta, magurudumu yakizunguka bila kugusa kitu. Ilibidi livutwe kwa trekta. Gurdip alilala chali kwenye matope, akachungulia, akatoka na kipande cha plastiki kilichochanika.

"Mama, hii ni gari ya lami," alisema. "Hapa hauendeshi. Unalima."

Kiran alimvuta kando. Yeye alikuwa na Starlet kuukuu, milango ya rangi tofauti, iliyoinuliwa kimo kwa ajili ya shamba. Sheria ziliruhusu madereva wawili watumie gari moja, kila mmoja kwa zamu yake. "Tushiriki hii. Tutagawana matairi na mafuta. Hiyo yako iuze."

Usiku kucha wazo hilo halikumpa Edinah usingizi. Alipolitazama gari asubuhi, alishangaa kwamba kuliacha hakukumuumiza. Alikuwa amedhani anapenda gari. Kumbe alichokuwa anakitaka ni kile kipande cha njia kati ya bendera na bendera, na hata toroli lingemfaa kama lingekata kona.

Alimwambia Levi wakinywa chai. Levi aliweka kikombe chini.

"Haliuzwi."

"Ni wewe ulitaka mashine ya posho."

"Nilitaka. Sasa nimezoea."

"Baba Nafula, unalipeleka stendi na kurudi."

"Na linafika," alisema Levi, na akatazama pembeni, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Edinah alikaa akimwangalia. Mtu huyu alikuwa amelala kando yake miaka yote hiyo na kumbe naye alikuwa na kitu kinachomwasha. Hakulizungumzia tena suala la kuuza.

Basi wakaenda hivyo mwaka wote. Levi alimpeleka mkewe Kitale kwa gari jekundu, polepole, vioo vimeshushwa, na huko Edinah akavaa helmeti ya kuazima akaingia kwenye Starlet ya Kiran. Mara ya kwanza alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Agosti alishika nafasi ya katikati. Bingwa hakuwa, na Kiran alimshinda kila mara, wakati mwingine kwa pumzi moja tu, na pumzi hiyo ilimfanya Edinah asiweze kukaa kitini safari nzima ya kurudi.

Desemba, shindano la mwisho lilipokaribia kwisha, Levi alimwendea Gurdip na kumnong'oneza. Gurdip akacheka, akaita vijana wasogee. Ardhi ilikuwa kavu tena, na matuta yalikuwa yamesawazishwa. Mwalimu aliomba azungushe gari lake mara moja tu. Bila saa.

Aliondoka kwa mwendo wa msafara wa harusi. Alitoa ishara ya taa kila kona. Hakugusa tairi hata moja, na wale vijana wakampigia makofi kwa nguvu zao zote. Edinah alisimama nyuma ya kamba, akajua ni lini hasa angekanyaga, ni wapi angengoja, ni wapi angeliacha gari lijigeuze lenyewe. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukisukuma majani. Kabla Levi hajamaliza nusu ya njia, yeye alikuwa amekwisha kuigeukia Starlet, helmeti kichwani, akimwuliza Kiran kama zamu inayofuata ni yake.